Tumbili Chini ya Ripoti

Si zamani sana, mwaka juzi tu, Bwana Mashauri alikuwa na programu ya shule iitwayo Darasa Bora. Aliitoa huru: yeyote aliruhusiwa kuinakili, kuibadili, hata kuiuza. Jina tu ndilo alilolisajili liwe lake peke yake.

Zawena, fundi kompyuta wa Korogwe, aliirekebisha isipoteze alama za wanafunzi umeme ukikatika, akaigawa kwa shule za jirani. Bwana Mashauri akamfuata na barua ya wakili.

"Programu chukua. Jina langu litoe kila mahali ndani ya siku saba, au mahakama itakufungia hiki kibanda."

"Nitalitoa, mzee. Ila barua naomba nibaki nayo. Imeandikwa vizuri."

Zawena akaiita programu yake Tumbili, akalisajili jina hilo. Shule zikaanza kuhamia kwake. Bwana Mashauri akawaagiza vijana wake wainakili Tumbili nzima, kisha wabandike Darasa Bora kwenye ukurasa wa mbele.

"Ni halali," aliwaambia. "Programu ni huru."

Muhula ulipoisha, shule mia mbili za Bwana Mashauri zilichapa ripoti za wanafunzi. Chini ya kila ripoti paliandikwa: Imeandaliwa na Tumbili.

Kesho yake Zawena alibisha hodi ofisini kwake.

"Nilijua ukurasa wa mbele mtaubadili, mzee. Programu chukua tu."

Akamwekea barua mezani. Bwana Mashauri aliitambua kwenye mstari wa kwanza. Ilikuwa yake mwenyewe, neno kwa neno, pamoja na zile siku saba. Kilichobadilika ni majina tu.