Muhanga Fundi na Ukuta wa Nyani

Nyamazeni kidogo niwaite. Ngano, ngano!

— Na ije, tumeketi!

Ije na nini?

— Ije na utamu wake, uchungu ubaki mlangoni!

Haya. Hapo zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa na kauli na binadamu bado anajifunza kunyamaza, paliondokea mnyama aitwaye Muhanga.

Muhanga hakujaliwa sura. Masikio ungesema kaazima kwa punda, pua kaazima kwa nguruwe, na mkia sijui kaazima kwa nani. Wenzake walikuwa wakiulizana, "Hivi huyu ni wa ukoo gani?" Naye hajibu. Anacheka kidogo, anaendelea na kazi.

Kazi yake ilikuwa kuchimba. Lakini si kuchimba kama kuku anavyoparura jaani, la! Muhanga alikuwa fundi. Watu wa leo wangemwita mhandisi. Kabla hajachimba alilala kifudifudi, akagonga ardhi kwa ukucha mmoja, akatega masikio yake marefu, akaimba:

*Ardhi sema, nimekuinamia,*
*Sema kweli, usinifiche,*
*Ardhi sema.*

Nayo ardhi ilisema. Ikilia ko-ko-ko, hapo pana mwamba. Ikilia ti-ti-ti, hapo pana maji. Ikilia pu-pu-pu, hapo pana uwazi, pabaya, usiweke mguu. Muhanga hakukosea hata siku moja.

Aliishi Bondeni, pamoja na ngiri, nungunungu, digidigi, na wadogo wengine wengi wasio na sauti kubwa.

Mwaka mmoja jua likawaka mpaka mto ukabaki mchanga. Muhanga akagonga, akasikiliza, akachimba siku tatu. Siku ya tatu akatoka shimoni ameloa chapachapa. "Njooni mnywe," akasema. Wanyama wakashika vinywa.

Mwaka wa pili akachimba mfereji kutoka mlimani. Maji yakashuka yenyewe, yakapinda hapa, yakapinda pale, yakafika Bondeni kama mbuzi anayejua kwao. Wanyama wakashika vinywa tena.

Mwaka wa tatu akatoboa kilima. Upande wa huku aliingia asubuhi moja, upande wa kule alikuwa ametangulia kuchomeka kijiti. Kilima chenyewe kikubwa, ndani giza totoro. Siku ishirini hawakumwona. Siku ya ishirini na moja kijiti kikatikisika, kikaanguka, na pua ya Muhanga ikatokeza palepale kilipokuwa! Safari hii hawakushika vinywa. Walikaa chini. Hata vifaranga vya kanga vilinyamaza.

Sasa sikilizeni. Siku hizo kulikuwa na Baraza Kuu. Wawakilishi wa kila upande wa nchi walikutana kwenye Jiwe Kubwa, mwendo wa nusu siku kutoka Bondeni, wakatunga sheria. Mwenyekiti alikuwa Bibi Ndovu, mama wa haki lakini mwenye mambo mengi. Na msemaji mkuu alikuwa Nyani. Nyani alijua kusema, jamani! Akisema mchana umekuwa jioni, popo wanatoka.

Nyani akasimama akasema, "Kile kisima cha Bondeni, wenye mikono wanywe kwanza." Sheria ikapita. Akasimama tena, "Ule mfereji upindwe uje Milimani, kwetu." Sheria ikapita. Akasimama mara ya tatu, "Lile handaki halikuombewa ruhusa. Lizibwe kwa miba." Ikapita pia.

Siku miba ilipowekwa, Mama Ngiri alimfuata Muhanga. Mama Ngiri alikuwa jirani yake, mama wa watoto sita, mwenye meno ya nje na maneno ya nje.

"Hodi, Bwana Fundi."

"Karibu, Mama Ngiri."

"Sikuja kukaa. Wewe unachimba kwa kucha, wao wanafukia kwa mdomo. Utachimba mpaka lini? Tumekaa kikao huko mbugani, tumekuchagua. Uende Barazani."

Muhanga akatazama kucha zake. "Mama Ngiri, mimi ni wa udongo. Maneno siyajui."

"Wanaoyajua maneno tumewaona. Nenda wewe usiyeyajua."

Muhanga akakubali. Kesho yake akaondoka, na kucha zake hazijakauka udongo.

Alipofika alikuta jambo. Baraza lilikuwa limempa Nyani kazi ya kujenga ukuta mkubwa kuuzuia mto, juu ya Bondeni, karibu na Jiwe Kubwa, ili maji ya masika yawekwe akiba. Ukuta ulikuwa umekwisha. Ulikuwa mrefu kupita twiga wawili, mawe yake yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Kila aliyeupita alisimama akasema, "Ala!"

Muhanga naye alisimama akasema, "Ala!" Kisha akainama, akagonga kwa ukucha mmoja, akaimba wimbo wake. Ukuta ukajibu: pu-pu-pu.

Akahamia kulia. Pu-pu-pu. Akahamia kushoto. Pu-pu-pu.

Aligeuka akatazama chini. Bondeni kote kulikuwa pale, moshi wa vumbi la watoto wa ngiri wakikimbizana.

Baraza lilipokaa ili kuupokea ukuta, Muhanga alisimama. Sauti ilimtetemeka. "Waheshimiwa, nimeugonga ukuta. Unalia pu."

Baraza zima likaangua kicheko. Nyani akainuka taratibu, akasema, "Waheshimiwa, mwenzetu amesikia tumbo lake. Safari ilikuwa ndefu, hajala." Wakacheka mpaka machozi. Bibi Ndovu akauliza, "Wangapi wanasema ukuta ni imara?" Mikono juu, mikia juu, pembe juu. Ukawa imara.

Muhanga hakukata tamaa. Alirudi ukutani, akaingiza ukucha kati ya mawe mawili, akavuta. Yakatoka majani makavu. Akayabeba mpaka Barazani, akayamwaga mbele ya wote.

"Haya ndiyo yaliyo ndani," akasema.

Nyani hakupepesa jicho. "Majani! Waheshimiwa, Bibi Ndovu wetu amejengwa kwa nini kama si majani? Yuko aliye imara kumshinda?"

Ikawa vigelegele. Bibi Ndovu mwenyewe akatabasamu. Wakapiga kura mara ya pili, na ukuta ukazidi kuwa imara.

Muhanga akatoka nje, akakaa peke yake. Kule kusini mawingu ya masika yalikuwa yanapandana, meusi, mazito. Akawaza: ardhi nimeigonga, imesema kweli. Ukuta nimeugonga, umesema kweli. Baraza nalo lazima lina mahali pake pa kugongwa. Ni wapi?

Akawaza mpaka akapaona. Na alipopaona, aliona pia bei yake.

Akarudi ndani mara ya tatu.

"Waheshimiwa, nimeshindwa," akasema. "Nimesikia hoja, nami sasa nasema pamoja nanyi: ukuta ni imara. Naomba sheria moja tu, ndogo. Yeyote anayesema kitu ni imara, akae chini yake yeye kwanza, siku saba, na watoto wake, kabla wengine hawajakaa."

Wote wakamtazama Nyani. Nyani akafungua mdomo, akaufunga. Afanyeje? Akipinga, amejitaja. Akacheka kicheko kikavu, akapiga makofi. "Sheria nzuri! Nani atakayeiogopa?"

Wakaipitisha wote, bila mmoja kubaki.

Ndipo Bibi Ndovu akasimama. Alikuwa hatabasamu tena. "Sheria imepita, na ukuta tuliusema imara sisi sote. Twendeni tukakae."

"Sasa hivi, Bibi?" Nyani akauliza.

"Sheria haina kesho. Nawe Muhanga, umesema ni imara kwa kinywa chako."

"Nimesema, Bibi," Muhanga akajibu. "Natangulia."

Basi Baraza Kuu lote likateremka, na wake na watoto, likakaa chini ya ukuta. Muhanga akakaa katikati kabisa, mgongo kwenye jiwe.

Mama Ngiri alikuja mbio. "Bwana Fundi, wewe si unajua mle ndani mna majani?"

"Najua."

"Basi mbona umekaa?"

"Mama Ngiri, nikikimbia mimi niliyeitunga sheria hii, nani atakaa? Wewe nenda. Wapandishe wote wa Bondeni kilimani, hata wazee, hata mayai. Usitazame nyuma."

Mama Ngiri alimtazama, akautazama ukuta. Akageuka, akaenda kuwakusanya.

Siku ya kwanza mvua ikanyesha. Wakubwa wakacheka, wakaimba, wakasema ukuta unawakinga upepo.

Siku ya pili maji yakafika katikati ya ukuta upande wa pili. Tone likadondoka, tii, juu ya pua ya Muhanga. Hakulifuta. Kucha zilimwasha, kila mfupa wake ukimwambia chimba, jifukie, okoka. Akazikunja kucha, akakaa.

Siku ya tatu ukuta ukaanza kunguruma tumboni. Mke wa Nyani, mtoto amemng'ang'ania kifuani, akanyoosha mkono akagusa jiwe. Lilikuwa linatetemeka. Akamgeukia mumewe, akauliza kwa sauti ya chini, lakini wote walisikia:

"Baba watoto, mle ndani uliweka nini?"

Nyani akajibu, "Mawe."

"Nitazame mimi. Uliweka nini?"

"Mawe, nimekwambia."

"Mtazame mwanao. Uliweka nini?"

Nyani akamtazama mwanawe. Mtoto alikuwa anachezea tone la maji kwa kidole, anacheka. Na yule bingwa wa maneno, maneno yakamwishia yote, likabaki moja tu. Akapiga ukelele: "Majani! Ni majani! Tokeni!"

Wakatoka, jamani! Huyu anamkanyaga yule, pembe zinagongana, watoto wanalia. Ikawa mguu niponye.

Muhanga hakukimbia. Alisimama akapaza sauti, na sauti haikutetemeka tena. "Bibi Ndovu, mkikimbia hivi maji yatawakuta njiani! Rudini! Upande wa kushoto ardhi ni laini. Tukiifungua, maji yatatafuta nyika, hayatakuja huku!"

Bibi Ndovu akasimama. Akainua mkonga, akapiga parapanda moja, na Baraza lote likasimama.

Muhanga akalala kifudifudi katika tope, akagonga, akaimba. Ko-ko-ko. Akasogea. Pu-pu-pu. Akasogea tena. Ti-ti-ti. "Hapa!"

Akachimba. Hakuna aliyewahi kuona kuchimba kule. Udongo uliruka kama mchwa wenye mabawa siku ya mvua. Bibi Ndovu akang'oa mawe kwa pembe zake. Vifaru wakasukuma, ngiri walioshuka kutoka kilimani wakafukua kwa meno. Na Nyani, mikono inamvuja damu, akabeba udongo bila kuambiwa.

Jua lilipokuwa utosini, Muhanga akatoboa. Akaruka pembeni. Mto ukasita kidogo, kama unauliza njia. Kisha ukageuka. Mto mzima! Ukapita ubavuni mwao ukinguruma, mwekundu, na magogo mgongoni, ukaelekea nyika isiyo na mtu. Nyuma yake ule ukuta mzuri ukalegea, ukakaa chini polepole kama mzee aliyechoka, na majani makavu yakaelea, mengi, mengi, yakafunika maji.

Simba na digidigi walisimama ubavu kwa ubavu wakitazama. Mwishowe Bibi Ndovu alipiga magoti mbele ya yule mnyama mdogo aliyejaa tope, asiyejulikana ukoo.

"Fundi," akasema, "tulikucheka."

"Mlinicheka, Bibi," Muhanga akajibu. "Sasa tukaondoe miba kwenye handaki."

Wakaiondoa, na mfereji wakaurudisha, na kisima kikawa cha kila mwenye kiu. Nyani alihukumiwa kujenga ukuta upya, jiwe juu ya jiwe, na ulipokwisha alikaa chini yake siku saba na wanawe. Safari hiyo alilala usingizi.

Muhanga akabaki Barazani miaka mingi. Hakujifunza kusema maneno matamu. Lakini kila sheria ilipoletwa, hata iwe nzuri namna gani, alisimama akauliza swali moja: "Nani atakuwa wa kwanza kukaa chini yake?" Na sheria nyingi zilirudi zilikotoka.

Ndiyo maana mpaka leo muhanga akichimba shimo hulala ndani mwenyewe kwanza. Akiona halimwangukii, huliacha akachimba jingine, ndipo ngiri na nungunungu wakaingia wakazaa watoto wao humo bila hofu.

Ngano hii inatufunza nini? Inatufunza kuwa maji hayasikii hotuba. Anayekuongoza, usimpime kwa ulimi wake. Mpime kwa pale anapokubali kukaa yeye na wanawe.

Ngano yangu imeingia shimoni, mimi nimetoka. Mwenye yake na aichimbue, tuisikie!