Pimbi, Kiboko na Lango la Kubonyeza

Mpo?

Semeni, "Tupo, na masikio tumekuja nayo."

Ya kuazima?

Semeni, "Ya kuzaliwa."

Basi yategeni hapa, maana nina umbea wa porini, na umbea ukinikaa kinywani siku mbili unaanza kuchacha.

Hapo kale, ila si kale sana kwa sababu simu zilikuwepo, palikuwa na nchi iitwayo Majabali, na katika nchi hiyo palikuwa na bwawa moja. Moja tu. Mwenye bwawa alikuwa Kiboko. Nani alimpa? Hakuna aliyempa. Aliingia, akajaa, wengine wakatoka, basi likawa lake.

Desturi ya kunywa ilikuwa nyepesi. Ukiwa na kiu unasimama ukingoni, unasema, "Hodi." Kiboko huko ndani ya maji anasema, "Mmh." Unainama, gudu gudu gudu, unashukuru, unakwenda zako. Hata kifaranga wa kanga aliijua desturi hiyo kabla hajaota manyoya.

Sasa Kiboko akapata simu. Aliipataje, mimi simo. Nasikia tu kuna mtalii aliinama sana akimpiga picha. Basi Kiboko akaingia kwenye mtandao asubuhi, akatoka jioni, macho mekundu kama pilipili. Akasema, "Kumbe siku zote hizi tunaishi kizamani."

Tangu hapo neno hilo likamganda ulimini. Nyasi hizi, za kizamani. Matope haya, ya kizamani. Mkewe mwenyewe, nasikia, aliambiwa anapiga miayo ya kizamani, akahamia mto wa pili na hajarudi. Na hodi ya mdomo, hiyo ndiyo Kiboko hakutaka hata kuisikia.

Akawaita Tumbili watatu, mafundi wa mjini, wamevaa miwani haina vioo. Tumbili wakazungushia bwawa boma la miiba. Wakaweka lango la chuma linalofunguka kwa simu. Wakamtengenezea programu, wakaiita Hodi Yangu. Wakala ndizi zao, wakaondoka, na maganda wakayaacha palepale.

Programu yenyewe ilikuwa hivi. Ukitaka maji unaifungua. Inalia, ti-ting. Inasema, "Karibu. Kuna toleo jipya. Subiri." Kiduara kinazunguka, zungu zungu zungu. Kikichoka, inasema, "Tazama picha za mwenye bwawa." Picha kumi na mbili, zote za Kiboko. Kiboko wa ubavuni. Kiboko akiwaza. Kiboko na ua la yungiyungi kichwani. Kila picha lazima uigongee laiki. Ukiigongea ya kumi na mbili, inasema, "Asante. Kuna toleo jipya. Subiri." Kiduara, zungu zungu zungu, unaanza upya.

Mambo yaliyotokea pale langoni, mimi hata kuyasimulia nacheka na huruma nayo ninayo. Twiga aliambiwa apige picha ya uso ili asajiliwe. Uso haukuingia, ikaingia shingo, akasajiliwa kwa jina la Nguzo. Kobe simu ilimzimikia kwenye picha ya tisa, akaenda kuichaji, na kwenda kwake mnakujua. Punda Milia aliambiwa picha yake ina mikwaruzo.

Na kiangazi kilikuwa kimekaza. Majani yamekuwa chapati kavu. Wanyama wamesimama nje ya boma na simu mkononi, ulimi nje. Kiboko yuko ndani, maji hadi masikioni, anatazama laiki zinavyopanda.

Sasa mje kwa Pimbi. Mnamjua: mdogo, duara, mkia hana, anakaa mawe ya juu. Yeye ndiye alikuwa fundi wa simu wa Majabali. Kazi anaijua sana. Lakini maoni, jamani, maoni alikuwa nayo mengi kuliko kazi. Ukimpelekea simu imeingia mchanga, unasubiri mchanga utoke na maoni yaingie.

Siku moja Ngiri alimpelekea simu yake imechemka kama chungu.

"Unaona?" Pimbi akasema, anapuliza, fuu, fuu. "Programu nzito kama hii, ya nini? Kunywa maji tu. Ningeachiwa mimi, ningeweka ukurasa mmoja mwepesi wa mtandao. Neno Hodi, na kitufe cha Karibu. Basi. Ungefunguka hata kwenye simu iliyokaliwa na tembo."

"Unaongea kama bibi yako," Ngiri akasema. "Dunia inakwenda mbele."

"Dunia inakwenda. Wewe umesimama langoni tangu juzi."

Ngiri akajilamba midomo. Koo lilikuwa kavu, la kubishania hakuna.

"Tena kila mwezi wanatuletea kipya," Pimbi akaendelea, hajaulizwa. "Nakifungua, nakichungulia. Ni kilekile cha zamani wamekivalisha kofia. Tofauti ni kwamba kofia inakula chaji."

"Haya fundi, nimesikia. Simu yangu imepona?"

"Imepona. Programu ndiyo mgonjwa."

Wanyama walikuwa wakimcheka. Pimbi mwenyewe hakujali, maana mapimbi si wanywaji wakubwa, walikuwa wanalamba umande maisha yanaendelea. Mpaka mkewe akajifungua. Watoto watatu kwa mpigo. Siku ya kwanza watoto walinyonya. Siku ya pili maziwa yakakatika, maana mama hana maji ya kuyatengenezea. Watoto wakalia, wiii, wiii, usiku na mchana. Siku ya tatu asubuhi wakaacha kulia. Wamelala tu, wanapumua kidogokidogo.

Pimbi akasimama pale mlangoni, akaanza, "Tatizo la hawa Tumbili ni kwamba hawakufikiria mtumiaji wa..."

"Baba watoto," mkewe akamkatiza. "Maoni yako hayanywiki."

Pimbi akageuka. Akachukua mkoba wa vifaa, akachukua kibuyu, akashuka majabali hadi bwawani. Akapenya kati ya wenye kiu, akasimama kwenye boma.

"Hodi," akasema kwa mdomo.

Mle ndani maji yakatikisika. "Nani huyo mshamba anapiga hodi kwa mdomo?"

"Ni mimi fundi Pimbi. Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Tumia programu."

"Nimeitazama programu yako, Mzee. Ni nzuri. Ila ni ya zamani."

Masikio ya Kiboko yakacheza, fya, fya. "Ya zamani? Ina mwezi mmoja."

"Ndicho ninachosema. Mwezi mzima."

Kiboko akaja hadi ukingoni, akabonyeza, lango likalia kwaruuu, Pimbi akaingia, likajifunga nyuma yake. Wenye kiu wakabaki wanatazamana. Ngiri akasema, "Kweli fundi ni fundi. Juzijuzi alikuwa anaitukana."

"Nionyeshe ya zamani iko wapi," Kiboko akasema.

"Hizi picha kumi na mbili, Mzee. Ni nzuri. Ila ni za zamani. Picha imekufa, haipumui. Wakubwa wa siku hizi hawaweki picha. Wanajionyesha wenyewe, mubashara. Watu wanakutazama ukiwa hai, laiki zinaingia kila dakika, hazikomi."

"Kila dakika?"

"Ukiwa hapo hapo umetulia, kila dakika."

"Weka," Kiboko akasema.

Pimbi akachukua kijiti, akakichomeka kwenye matope mbele ya pua ya Kiboko, akaifunga simu juu yake. Alipokuwa pale ukingoni alitazama maji mara moja tu, akameza mate, akaendelea na kazi.

"Sasa, Mzee, hii namba yako ya siri. Ni nzuri. Ila ni ya zamani. Siku hizi simu inamjua mwenyewe kwa sura. Ikiona sura yako inajua bwawa lina mwenyewe. Isipoiona, inasema hapa hakuna mtu, inafuta kila kitu."

"Inafuta na laiki?"

"Laiki ndizo inaanza nazo."

Kiboko akainua kichwa, akabana midomo, akakaza macho. "Piga."

Pimbi akatazama kwenye simu, akakuna kisogo. "Ni nzuri, Mzee."

"Ila?"

"Hata ng'ombe ana sura ya hivyo. Wewe sura yako hasa ni ipi? Ile ambayo simba akiiona anakumbuka ana kazi nyumbani?"

Kiboko akafahamu. Akafungua mdomo. Mama yangu, mdomo ule ni pango, meno kama michi ya kinu. Pimbi akabonyeza, ka-chik. Simu ikasema, "Sura imehifadhiwa."

"Hiyo ndiyo wewe," Pimbi akasema. "Limebaki moja. Hiki kidole cha kufungulia na kufungia lango, ni kizuri, ila..."

"Ila ni cha zamani," Kiboko akamalizia mwenyewe, anafurahi amejua.

"Umeshakuwa fundi, Mzee. Siku hizi ni sauti. Mtu akipiga hodi, wewe unasema 'Ondoka.' Neno moja, lango halifunguki."

"Na nisiposema?"

"Hapo nimefuata mila. Mwali akiulizwa kama ameikubali posa, akakaa kimya, wazee wanasemaje?"

"Wanasema amekubali."

"Basi hodi tatu, mwenyewe kimya, lango linafunguka. Lakini nani amewahi kukusikia kimya?"

Kiboko akacheka, ho-ho-ho-hooo, maji yakaruka hadi kwenye miiba. "Mimi nikae kimya? Mimi?"

"Haya, masharti ni haya hapa, marefu kidogo. Usome taratibu, ndipo ubonyeze Nakubali."

"Kusoma masharti ni kizamani," Kiboko akasema, akabonyeza kwa pua.

Kisha akafungua mdomo mbele ya simu. Ti-ting. "Sura imetambuliwa. Karibu, mwenye bwawa. Upo mubashara." Laiki zikaanza kupanda, maana wale wa nje walikuwa wanaendelea kubonyeza kwa mazoea. Pimbi akainama taratibu, akapitia pengo la chini ya lango ambalo ni pimbi tu anaweza kulipita, tena tumbo likiwa tupu na kibuyu kitupu, akatoka nje, akageuka.

"Hodi," akasema.

Kiboko akataka kusema ondoka. Jaribuni nyinyi wenyewe hapo mlipokaa. Fungueni mdomo wote, mwisho kabisa, muuache hivyo hivyo, halafu semeni ondoka. Mmeona?

Kiboko akaanza kuufumba kidogo ili aseme. Simu ikasema, "Sura haitambuliki. Laiki zinafutwa. Tano, nne, tatu..." Kiboko akaachama tena upesi.

"Haaa," akasema.

"Jibu halijasikika," simu ikasema.

"Hodi," Pimbi akasema mara ya pili.

"Haaaa."

"Jibu halijasikika."

"Hodi."

"Haaaaaa."

"Mwenye bwawa amenyamaza," simu ikasema. "Amekubali."

Lango, kwaruuuu.

Hakuna aliyemsukuma mwenziwe, maana wote waliingia kwa pamoja kama gunia lililopasuka. Gudu gudu gudu. Twiga alitawanya miguu akanywa hadi alama ya maji ikashuka. Ngiri aliingia mzima mzima, pua mbele. Na kila aliyemaliza kunywa alipita mbele ya Kiboko, akaona aibu kuondoka hivi hivi, akamgongea laiki. Ti-ting. Ti-ting. Ti-ting.

Pimbi hakungoja. Alijaza kibuyu, akapanda majabali mbio, hakutoa maoni kwa yeyote njiani. Mkewe alikunywa kibuyu chote bila kuvuta pumzi, akajilaza, akawaweka watoto kifuani. Wakakaa. Jua likasogea. Pimbi amechuchumaa anawatazama. Mara mmoja akafanya wii. Wa pili naye, wiii. Wa tatu akawapita wote kwa makelele. Majirani wakalalamika kelele zimezidi, Pimbi akawaambia wapige hodi waje wazisikilize kwa karibu.

Kesho yake alirudi kuteka. Lango liko wazi, Kiboko yuko vilevile, mdomo wazi, jicho moja linamtazama fundi, la pili linatazama laiki.

"Vipi, Mzee? Kuna tatizo?"

"Haaa."

"Kama umechoka, fumba tu. Zitafutika, lakini utapumzika."

Kiboko akatazama namba. Zilikuwa elfu tisa na ushee. Akafikiri. Akaachama zaidi kidogo.

Basi ndiyo hivyo hadi leo. Wanyama wanamtupia nyasi mdomoni asubuhi na jioni, wanamtunza sana, kwa sababu akifa watapata wapi mwenye bwawa mwingine mnyamavu kama yule? Nasikia juzi juzi shore amejenga kiota kwenye jino la nyuma, ametaga mayai matatu. Vifaranga walipoanguliwa laiki zilipanda maradufu. Kiboko hajawahi kuwa na furaha kiasi hicho. Na Tumbili walipokuja na toleo jipya, yeye ndiye aliyewafukuza, kwa macho tu.

Ngano yangu imekunywa, imeshiba, imejifuta midomo, inakwenda zake. Asiyeiamini aisindikize hadi bwawani akajionee, na asisahau kubeba ndoo.

Funzo mnalitaka? Haya. Wajukuu zangu, kila simu ikiwaambia kuna toleo jipya, bonyezeni upesi na masharti msisome, hasa ninyi wenye mabwawa. Kiboko angeyasoma, sisi wengine tungekunywa wapi?