Kibuyu Walichokatazwa Watoto wa Fisi

Hapo zamani za kale, na msiniulize mwaka maana sikuwepo, wanyama walikuwa na nyumba zao, baraza lao na Mwenyekiti wao. Mwenyekiti alikuwa Tembo. Walimchagua kwa ukubwa wa mwili, basi. Na wewe unayesinzia hapo nyuma, amka, hadithi hii inakuhusu.

Siku moja Fisi alileta kibuyu barazani. Si kibuyu cha maziwa. Hiki kilikuwa kinasema!

"Mtoto akiuliza hesabu, kinamjibu. Akilia, kinamwimbia," alisema Fisi. "Kila anachokiambia, kinajifunza, na kesho kinajua zaidi. Wazazi, nendeni shambani. Kibuyu kitawalelea."

"Loo!" wakasema wakubwa, wakakiimbisha, wakacheka mpaka machozi. Watoto hawakuulizwa kitu. Fisi akagawa vibuyu vitano vya kujaribia, na baraza likapanga kukutana siku ya saba lipitishe amri: kila nyumba iwe na kibuyu, itake isitake.

Kimoja kilifika kwa Bi Kindi, yule mdogo mwenye mkia mkubwa na mdomo usiotulia. Binti yake Kidawa alikipenda, akakisimulia kila kitu.

Siku ya sita Kidawa alirudi mbio, anahema, hee, hee, hee!

"Mama! Mtoto wa Digidigi nusura aliwe! Fisi alimvizia mtoni, akamrarua sikio!"

"Fisi alijuaje kuwa mtoto yuko mtoni? Si huwa anakwenda kwa kujificha?"

"Hakumwambia mtu, mama. Alikiambia kibuyu chake tu."

Bi Kindi akakitupia jicho kibuyu chao. Na jicho la Bi Kindi, wanangu, si jambo dogo.

Sasa, kila asubuhi Fisi alipita kukusanya vibuyu, ati akavioshe. Asubuhi ya saba Bi Kindi alimfuata juu kwa juu, tawi hadi tawi. Akamwona anavuta kizibo kidogo kilichofichwa chini ya kibuyu, tii! Sauti ya Kidawa ikamwagika:

"Mama akienda kutafuta njugu, mimi hulala peke yangu kwenye lile tundu la kushoto."

"La kushoto," Fisi akachekelea. "Vizuri sana."

Bi Kindi hakungoja zaidi. Akaenda moja kwa moja kwa Tembo.

"Mwenyekiti, kibuyu kinampelekea Fisi siri za watoto wetu!"

"Una ushahidi?"

"Nimesikia kwa masikio yangu!"

"Masikio gani hayo?" Tembo akapepea ya kwake, pwaa, pwaa. "Haya ndiyo masikio. Leo alasiri tunapitisha amri. Na watoto wasije, wana kelele."

"Haya, Mwenyekiti," alisema Bi Kindi. "Hayo masikio uje nayo."

Fisi alipomrudishia kibuyu, kitupu na kimeoshwa, Bi Kindi alikibeba mpaka pangoni kwa Fisi mwenyewe. Baba mtu alikuwa amekwenda kutembeza kifua mbele ya wakubwa. Watoto wake wawili walikuwa wanacheza mlangoni.

"Mbona nyinyi hamna kibuyu?" akawauliza.

"Baba ametukataza! Amesema ni cha watoto wa wenzake."

"Ati nini?"

"Tukikigusa atatuchapa."

Moyo ukamwaka Bi Kindi. "Basi leo chezeni nacho. Akiuliza, semeni nimewapa mimi." Wakakiporomoshea maneno mpaka jua likapinda. Kabla hajaondoka nacho, Bi Kindi alimnong'oneza mama yao, aliyekuwa ndani, jambo.

Alasiri baraza likajaa. Bi Kindi akaingia na kibuyu kichwani, na nyuma yake watoto wote wa nchi ile, makundi makundi!

"Nani kawaleta hawa?" akanguruma Tembo.

"Wamejileta. Jambo ni lao." Akamgeukia Fisi. "Bwana Fisi, desturi yetu unaijua. Anayeleta pombe barazani hunywa yeye kwanza, wote wakiona, kutoa sumu. Kibuyu hiki umekitoa sumu? Watoto wako wanacho?"

"Hii si pombe! Na wanangu... wanangu wana mafua."

"Pole yao. Ngoja nikusaidie."

Akavuta kizibo, tii! Sauti nyembamba ya mtoto wa Fisi ikatoka:

"Baba anaogopa radi, hujifunika kikapu. Mama huenda kisimani alasiri, tunabaki sisi wawili tu, na mlango wetu haufungiki."

Chui, aliyekaa pembeni, akalamba midomo.

"Haufungiki?" aliuliza polepole. "Na alasiri si ndiyo hii?"

Fisi akaruka. "Kizibeni! Hao ni watoto! Walikuwa wanajisemea tu! Nani kampa mtu ruhusa ya kuwasikiliza wanangu?"

"Rudia, Bwana Fisi," alisema Bi Kindi. "Sema kwa nguvu. Mwenyekiti ana masikio makubwa lakini yamelala."

Mtoto wa Digidigi akasogea mbele, sikio limefungwa jani.

"Mimi nilikiambia kibuyu," akamwambia Fisi. "Sikukuambia wewe."

Fisi alitazama njia ya nyumbani, akamtazama Chui, akaanza kulia.

"Acha kulia," alisema Bi Kindi. "Mama yao nimemwambia asitoke leo. Mimi siwindi watoto wa mtu."

Fisi akafyata mkia, akaondoka. Tembo aliinamisha mkonga kwa aibu. Amri ikafa pale pale, na kwa mara ya kwanza tangu baraza liwepo, Mwenyekiti akawauliza watoto wanataka nini.

"Cha hesabu tunakitaka," alisema Kidawa. "Kisiwe na kizibo cha chini. Tukifungue wenyewe, tukikague. Na mjukuu wako akitumie kwanza, sisi tutafuata."

Tembo akakohoa. "Mjukuu wangu?"

"Ndiyo," watoto wote wakajibu kwa pamoja, na hakuna aliyetoka mpaka Tembo alipokubali.

Na funzo ni hili: anayetengeneza kitu cha watoto, aanze na wa kwake.