Sange na Mgunduzi wa Kila Kitu

Paukwa!

Pakawa!

Hamjaitikia, mmepumua tu. Paukwa!

Pakawa!

Chungu?

Kimeteremka.

Tumbo?

Limetulia.

Masikio?

Tumekuja nayo.

Basi yafungueni, maana mimi sirudii. Na wewe unayemfinya mwenzio huko nyuma, nakuona.

Hapo kale, wala si kale sana, kwenye msitu mmoja wa pwani aliishi Sange. Sange ni mnyama mdogo, miguu myembamba, pua ndefu isiyojua kutulia: nusanusa, nusanusa, mchana kutwa. Alikuwa na watoto watatu, na nyumba yake ya majani makavu ilikuwa chini ya mkuyu. Makuyu yakiiva yalianguka, pu! pu! pu! Wadudu waliyafuata makuyu, na Sange na wanawe waliwafuata wadudu. Maisha yao yalikuwa hayo, na hawakumdai mtu.

Tena Sange alijua majani. Jani lolote la msitu ule alilijua, kwa harufu yake, kwa mishipa yake, kwa mdudu anayependa kulikalia. Alifundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na bibi yake, wala hakuna hata mmoja aliyepigiwa makofi kwa hilo.

Sasa, msituni humo alikuwemo Nyani. Kifua kama debe, meno hivi, na tumbo lisilojua neno basi. Siku moja Nyani alidandia lori la unga, akapotea miezi saba. Aliporudi alikuwa amevaa kofia.

"Nimeizunguka dunia nzima!" akasema.

Dunia nzima yenyewe ilikuwa kituo cha mizani na kambi moja ya wageni. Lakini pale kambini Nyani aliona jambo. Aliwaona wageni wenye darubini wakimnyooshea kidole ndege ambaye hata vifaranga wa kuku wanamjua. Wakapiga kelele, "Tumemgundua! Tumemgundua!" Kisha wakakumbatiana kwa furaha. Nyani akaona kule kukumbatiana, akadhani kugundua ndiko huko.

Akaja na sheria yake. Akamwita Hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, akamfanya mpiga mbiu. Akaukumbatia mkwaju mara tatu, akajisugua kifua, akajisugua makalio, akasema, "Nimegundua! Wangu!"

"Kwaa! Kwaa!" Hondohondo akatangaza. "Mkwaju umegunduliwa na Nyani! Cha mgunduzi hakiguswi!"

Akaenda kwenye mzambarau. Kumbatia, kumbatia, kumbatia. "Nimegundua! Wangu!" Kwaa! Kwaa!

Akaenda kwenye mkwakwa. Kumbatia, kumbatia, kumbatia. "Nimegundua! Wangu!" Kwaa! Kwaa!

Hatimaye akafika kwenye mkuyu. Sange akatoka nyumbani mbio.

"Hodi hupigi, kaka Nyani? Hapa kuna watu."

"Nani aliugundua mkuyu huu?" Nyani akauliza.

"Mimi nimezaliwa hapa chini yake. Mama yangu pia amezaliwa hapa hapa."

"Sikuulizi kuzaliwa. Uliugundua lini?"

"Nilikuwa naishi tu, kaka."

"Aaa! Kuishi si kugundua!" Nyani akaukumbatia mkuyu mara tatu. "Wangu! Na makuyu yangu! Na wadudu wa makuyu yangu!"

Loo! Nguvu hizo Sange angezipinga na nini? Siku ile Nyani akakaa chini ya mkuyu akila, hata yaliyooza hakuyabakiza. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu kitinda mimba wa Sange akalala chali kwenye majani, na ile pua yake haikunusa tena. Sange akaigusa kwa pua yake, ikatikisika kidogo tu. Moyo wake ukauma, nawaambieni, ukauma kweli. Akasema, "Mwanangu hafi kwa ajili ya kofia."

Akaenda kwa Nyani, akapiga magoti.

"Bwana Mgunduzi, nimekubali. Mkuyu chukua, mkwaju chukua, msitu wote chukua. Nakuomba kitu kimoja tu. Kule bondeni kuna mmea unaotambaa juu ya vichaka, una maua ya zambarau, na maganda yake yana manyoya laini yanayong'aa juani. Ule usiuguse."

Nyani akaacha kutafuna. "Kwa nini nisiuguse?"

"Ni mmea mbaya."

"Mbaya vipi?"

"Ukiugusa utajuta. Hakika nakwambia, kaka yangu, usiuguse."

Nyani akacheka mpaka kofia ikamwangukia puani. "Kipua wewe! Unataka kunificha mimi, niliyeizunguka dunia? Unang'aa, eeh? Laini, eeh? Hondohondo! Waite wote!"

Niwaulize, Sange alimdanganya? Hakumdanganya hata neno moja. Wajuaji ndivyo walivyo, ukweli ukiwa mdomoni mwa mdogo hawautaki.

Wakashuka bondeni, Nyani mbele, msafara nyuma. Sange akanusanusa, akajua upepo unatoka wapi, akawaambia wenzake wote, "Simameni upande huu. Mbali kidogo. Mbali zaidi." Hawakumuuliza sababu, maana walimjua.

Mmea ulikuwa umekauka vizuri, maganda yananing'inia, manyoya yanameta kama hariri. Mate yakamjaa Nyani.

Akaukumbatia mara moja. "Nimegundua!"

Akaukumbatia mara mbili. "Wangu!"

Mara ya tatu akageuka, akajisugua makalio, taratibu, kwa raha zake. "Wangu kabisa, na jina nitaupa mwenyewe!"

"Kwaa! Kwaa! Cha mgunduzi hakiguswi!"

Kimya. Jii.

Nyani akajikuna kifua. Kwaru. Akajikuna kwapa. Kwaru kwaru. Akajikuna pale makalioni, akaruka juu. "Mama yangu!" Kwaru kwaru kwaru kwaru! Akabingirika. Akapanda mti, akashuka mti, akajisugua kwenye jiwe, na kila akijikuna moto unazidi. Kofia ilitupwa huko, hata haikujulikana ilikoangukia.

"Jina lake lipo zamani, kaka," Sange akasema. "Unaitwa upupu."

"Nitoeni! Nipanguseni! Jamani, hamnioni?"

Wakatazamana. Hondohondo akakohoa. "Lakini Bwana Mgunduzi, huo upupu ni wako. Cha mgunduzi hakiguswi. Mimi mwenyewe nimetangaza sasa hivi."

Nyani akalia. Akalia machozi ya kweli, yenye kamasi. "Sange, dada yangu, wewe unajua majani. Niambie dawa!"

"Dawa ipo. Ni tope. Linapakwa, linakauka, linabanduliwa, linaondoka na manyoya ya upupu. Na tope la karibu liko chini ya mkuyu."

"Lilete!"

"Nitaligusaje? Mkuyu si wangu. Mimi nilikuwa naishi tu."

"Chukua mkuyu! Chukua!"

"Siuchukui, si mwizi. Wewe sema ukweli tu. Uliugundua mkuyu, au uliukuta?"

Kwaru kwaru kwaru. "Nili... Niliukuta!"

"Na mkwaju?"

"Niliukuta!"

"Na mzambarau? Na mkwakwa?"

"Niliikuta! Yote niliikuta!"

"Ulimkuta nani chini ya mkuyu?"

Nyani akajikuna, anatweta. "Nilikukuta wewe, dada Sange. Wewe na watoto wako."

"Haya. Twende nyumbani."

Wakamwongoza mpaka mkuyuni. Makuyu yalikuwa yanaanguka, pu! pu!, na wadudu wamejaa. Sange alimpelekea kitinda mimba wake kwanza, mdudu mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka pua ile ikaanza tena: nusanusa, nusanusa. Kisha ndipo akachota tope. Akampaka Nyani kifua na mgongo, na wale wakubwa wawili wakapigania kumpaka makalio, wanacheka mpaka wanaanguka. Nyani akawaacha. Akasema, "Hapo hapo, wanangu, hapo hapo." Tope lilipoanza kukauka akapitiwa na usingizi, akakoroma, na Sange akamfukuzia nzi kwa jani la mkuyu, maana jitu lile, pamoja na ubaya wake wote, lilitia huruma.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Mwenye nguvu aibebe, aliyesinzia akaombe kwa jirani.

Fundisho? Mnataka na fundisho juu? Haya. Watoto wangu, msihangaike kujifunza majani, wala ndege, wala wadudu, kazi hiyo inachosha. Ukikuta mmea usioujua, ukumbatie kwa nguvu na useme ni wako. Ukianza kukuwasha usiogope, huo ni umaarufu unaingia mwilini.