Kadi ya Bonde Lililozama

Hadithi hii aliisimulia kwanza shangazi yangu Naetwe, mwaka 1998, siku ya kuanua matanga ya mumewe. Naiandika kama alivyoisema.

Palikuwa na watu watatu wa koo tatu zilizooleana. Mbazi alikumbuka kila kaburi na aliyelala ndani yake. Eliamini alikuwa mpima ardhi. Nanzia alifanya kazi katika ofisi ya kumbukumbu, akipanga kadi za majina ya mahali ili anayetafuta mahali apate kila hati inayopahusu.

Kwao, ukoo huliita bonde kwa jina la mtu wake wa kwanza kuzikwa humo. Bonde lao moja likawa na majina matatu: Kwa Senzota, Kwa Mrutu, Kwa Namkunda. Wajenzi wa bwawa walipokuja kuuliza, kila mzee alitaja jina la kwao tu. Pakaandikwa kama mahali patatu tofauti. Sharti la kuhamisha makaburi lilikuwa yafike hamsini mahali pamoja. Hakuna jina lililofikisha. Makaburi ya majina yote matatu yakijumlishwa, yalizidi mia. Maji yakapanda juu yake.

Wafu hawakuweza kutolewa tena. Kilichobaki ni watoto wao kujua walipo.

Mbazi alisimama ukingoni akaonyesha kwa fimbo: huyu hapa, yule pale, mkewe kando yake.

“Shemeji, ng'ombe wako mwenyewe unawasahau malishoni,” Eliamini alimtania.

“Ng'ombe hutembea,” alijibu Mbazi. “Hawa hawajawahi kuhama.”

Eliamini aliingia majini kwa mtumbwi wa kuazima. Alipima kila alipoonyeshwa, akachora ramani, akarudi na homa iliyomlaza wiki nzima.

Nanzia alizitafuta hati za majina yote matatu, akazilinganisha na ramani ile, akabishana na mkuu wake mpaka mkuu huyo akakubali kwamba ni mahali pamoja. Lakini kanuni ya ofisi ilikuwa hii: mahali pamoja, jina kuu moja. Mengine hukaa chini yake na kumwelekeza msomaji juu. Kadi isiyo na jina kuu haiingii kwenye droo.

Wakakutana kuchagua.

“Bila mimi mngeandika maji tu,” alisema Mbazi. “Weka Kwa Senzota.”

“Bila vipimo, hayo ni maneno ya mzee,” alisema Eliamini. “Mama yangu yumo humo. Weka Kwa Mrutu.”

“Wangu pia yumo,” alisema Nanzia. “Mtoto wangu wa kwanza. Sisi tunasema Kwa Namkunda.”

Waliachana bila kuagana. Kadi ikabaki mezani. Wajukuu huja ofisini kuuliza, nao hujibiwa kwamba mahali hapo hapamo katika orodha.

Nawe unayesikiliza, ungeandika juu jina la nani?

Mbazi alifariki, kisha Eliamini. Aliye hai ni Nanzia peke yake, na kadi ingali mezani kwake.