Hatua Mbili za Kivuli

Mzee Sekiete, mwenye mfereji, alichimbia mti wa kimo cha mtu, akatangaza kwamba kila shamba lipate maji mpaka kivuli cha mti kisogee hatua mbili. Wanyonge aliwapa zamu saa moja asubuhi. Mchana kutwa maji yalikuwa yake. Kabla Nakijwa, mmoja wa wanyonge hao, hajamaliza tuta la kwanza, kivuli kilishafika, na mahindi yake yakazidi kunyauka.

"Mzee, niongezee hatua moja tu."

"Mbili ni mbili. Kivuli hakina ndugu!"

"Basi nihamishie zamu yangu saa tano."

Sekiete akacheka. "Kwenye jua la utosi? Haya, chukua. Usije ukalia."

"Silii. Ila kivuli ukilinde mwenyewe, wasije wakasema nimeiba."

Siku ya pili Sekiete akakikodolea macho kivuli kuanzia saa tano. Saa saba, shamba la Nakijwa lilikuwa limelowa lote, naye ameshawafungulia jirani zake maji.

"Funga, mwanamke!"

Nakijwa akaja taratibu, akapima kwa mguu.

"Bado nusu hatua, mzee. Asubuhi kinakimbia, mchana na chenyewe kinachoka. Au leo kimepata ndugu?"