Pole ya Daktari Kaniki

"Mganga naye hupewa pole." Mmemsikia matroni akiyasema hayo wodini leo, mkatazamana. Haya wajukuu zangu wauguzi, chanzo chake ni hiki, ila msinikatize.

Nilikuwa muuguzi katika zahanati moja ya milimani. Daktari wetu alikuwa mmoja tu, Kaniki, kijana mpole. Akaletwa Chausiku, mtoto wa miaka minne, homa inamchoma. Daktari alimhangaikia hata kula akasahau. Asubuhi moja mtoto akaamka, akanywa uji, akataka aongezewe sukari. Sote tukashusha pumzi. Adhuhuri akafa.

"Amekunywa uji," Daktari akaniambia. "Sasa amekufaje?"

Akaniuliza tena, na tena. Kesho yake mama mmoja akaleta mtoto wa homa. Daktari akarudi nyuma, mikono mgongoni. "Mpelekeni kwingine." Kwingine wapi, na hospitali iko ng'ambo ya milima? Nasi tukasema atazoea, si ndiyo kazi yake.

Mchana Daktari akaja msibani kwa kina Chausiku, akasimama mlangoni penye viatu. Haingii, haondoki. Nikamuuliza amefuata nini.

"Sijui, dada."

Watu wakampita kwenda kuwapa pole wafiwa. Yeye hakuna aliyempa mkono. Tungempaje, naye si ndugu? Wengine walinong'ona kwamba anaogopa lawama.

Bi Mwanahawa, bibi yake Chausiku, akamwona. "Daktari, vua viatu uje ukae hapa."

"Huo ni mkeka wa wafiwa, bibi."

"Mjukuu wangu amekata roho mikononi mwa nani?"

Daktari akaitazama mikono yake.

"Basi umefiwa. Pole, baba."

Hapo akalia, kilio cha mtu mzima. "Sijui nilikosea wapi, bibi. Nimewaza mpaka kichwa kinaniuma."

"Hata mimi sijui kwa nini amekwenda. Kaa, tusijue pamoja."

Akakaa. Watu wakaja kumpa mkono, mmoja baada ya mwingine. Alasiri ile ile yule mama akatokea na mwanawe mgongoni, mtoto bado anachemka. Daktari akainuka mkekani, akanyoosha mikono, akampokea.

Huyo alipona. Chausiku kwa nini hakupona, hatujui hadi leo. Kwa hiyo mkimkuta daktari wenu kasimama mlangoni, hajui aingie au atoke, msimwambie atazoea. Mpeni mkono. Mganga naye hupewa pole.